Jina Kinyumenyume

Kwenye bamba la nyuma, kwa herufi za mikogo,
kumechorwa: Legan, London.
Hakuna Legan. London yenyewe hakuwahi kuikanyaga.
Alikuwa Nagel, Korbinian Nagel wa Friedberg,
mji mdogo kilimani, ng'ambo ya mto Lech,
ambako tupa zilikwaruza shaba hata kengele ya sala ikilia.

Nagel, kwa lugha yao, ni msumari.
Msumari akaugeuza kichwa chini,
akaupigilia kwenye ubao wa watu wengine,
maana matajiri wa Augsburg walishaamua
kwamba saa nzuri huvuka bahari,
na kazi ya jirani ni ya kuombea punguzo.

Fedha aliitoboa mwenyewe:
majani, zabibu, ndege mmoja mwenye mdomo mrefu mno.
Si urembo mtupu. Matundu ni milango ya sauti;
saa ya kugonga isiyo na matundu
ni msemaji aliyefungiwa kabatini.
Ndani akaweka kengele, kama kifuniko cha kibuyu,
na nyundo isiyozidi punje ya mtama.
Springi mbili: moja ya kutembea, moja ya kusema.

Hii ya kusema ndiyo iliyomtesa.
Tangu mwaka ule theluji ilipofika madirishani
sikio la kulia lilikuwa limeziba,
na la kushoto lilisikia dunia
kama ugomvi wa chumba cha pili.
Hakumwambia mteja. Hakumwambia hata kasisi.
Aliuma mpini wa tupa,
ncha akaigusisha kengele, akagonga,
sauti ikampanda tayani
ikazunguka fuvuni kama nyuki aliyekosa dirisha.
Akapunguza ukingo. Akauma tena.
Akapunguza. Akauma.

Walburga mkewe alikuwa mezani, akichambua dengu.
Kila mlio alitikisa kichwa:
bado, inalia kama sufuria.
Bado, sasa inalia kama sarafu mbovu.
Siku ya nne, mshumaa ukiwa umebaki kidole kimoja,
hakutikisa kichwa.
Dengu zilimtoka mkononi, zikatawanyika sakafuni,
naye fundi, asiyesikia hata moja ikianguka,
akajua.

Mnunuzi alikuwa Pfundmayr, mwenye maghala ya chumvi,
mtu wa safari za usiku katika gari la farasi,
bahili wa mafuta ya taa.
Gizani alivuta uzi wa hariri
na saa ikamwambia imefika ngapi.
Basi. Hakuna kisa kingine cha Pfundmayr;
alilipa kwa awamu, ya mwisho hakulipa.

Mimi niliiona kwa Ottilie Zwerger,
anayetengeneza saa kuukuu nyuma ya duka la mikate, Augsburg.
Aling'oa uso wa saa kwa subira ya mtu anayetoa mwiba.
Chini yake, mahali pasipofikiwa na jicho la mnunuzi,
mtu alikuwa amekwaruza kwa ncha ya sindano
maneno ya kulalia upande:
K. Nagel. Mkono wangu, sikio la Walburga.

Hatukusema kitu.
Ottilie alitia ufunguo, akazungusha,
akavuta uzi mpya aliousokota mwenyewe.
Ikagonga mara saba.
Yeye akasema saba, nami kwa kikwetu nikasema saa moja,
na ile kengele haikubishana na yeyote kati yetu.
Mlio wa nne ulikuwa hafifu kidogo.
Nilimuuliza kama ataurekebisha.
Akatazama yule ndege, mdomo wake usio na kipimo,
akasema ngoja kwanza.

Kisha akaurudisha uso mahali pake,
jina la uongo likabaki nje, la kweli likabaki ndani,
kama alivyoyakuta,
akafuta alama za vidole vyetu kwenye fedha.